Shahidi Asiyeaminika wa Kaunti ya Pruitt

Marrow Creek, Kentucky
27 Desemba 2010

Mpwa wangu Lowell,

Pokea salamu zangu. Na kama kuna adui huko milimani unakofukua mabomu, mpe na yeye salamu, umwambie Arlis Slone bado anapumua, kwa hiyo asijione ameshinda.

Mimi mzima. Mbavu zangu zimeunga mpaka zimepitiliza. Daktari kazipiga picha, kasema hajaona mbavu za namna hii isipokuwa kwa fahali. Lakini hapo sijisifu, nashukuru. Mwezi wa nane nilipoanguka kutoka boriti ya juu ya ghala, tumbaku niliyokuwa natundika imeniangukia, nimelala kama mzoga, mtu mwingine angenitupa nyuma ya pikapu na kunipeleka mjini nikirukaruka na matairi. Mateo wako alipiga magoti kwenye vumbi lile na shati lake jeupe, akanishika kichwa, akanifunga mbavu huku akinisemesha taratibu kana kwamba mimi ni yai. Nikakutazama wewe umesimama pembeni unavyomtazama, nikajua kila kitu. Hukuwa na haja ya kuniambia jioni ile barazani. Ila nashukuru uliniambia. Ni heshima mtu kuambiwa jambo zito na mtoto wa dada yake. Marehemu mama yako angekuwepo, angelia kidogo halafu angempakulia Mateo maharagwe.

Sasa furaha. Televisheni imeonyesha rais anatia saini! Ile sheria yao ya usiulize, usiseme imekufa! Mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake anaweza kuwa askari bila kujificha. Nilikuwa na biskuti mkononi, ile yetu ya mkate laini, imelowa mchuzi. Nikaruka, biskuti ikapaa ikaganda kwenye dari, na iko hapo mpaka leo, mchuzi na vyote. Njoo utaiona.

Na mimi si mtu wa kufurahi peke yangu. Unajua redio ya kaunti kila asubuhi ina Soko la Hewani, watu wanapiga simu kuuza matairi na mbuzi. Nilipiga kuuza ile mashine ya kukata nyasi. Nilipokwisha kusema bei, mtangazaji akauliza, "Kuna kingine, Arlis?"

Nikasema, "Kipo. Mpwa wangu, Sajini Lowell Tackett, mfukua mabomu namba moja wa jeshi zima la Marekani, ana mwenzi wake mwanamume, mtu wa maana kuliko wewe na mimi, na sasa sheria imewapa ruhusa. Asiyependa aje barazani kwangu tuzungumze."

Kukawa kimya hewani mpaka nikadhani mlima umeuangukia mnara. Kisha akasema, "Haya, asante. Sasa tuna mama anauza kabati."

Hakuna aliyekuja barazani. Ila Hobart wa duka la chakula cha mifugo alinidaka mlangoni. "Arlis, jeshi si mahali pa mashoga."

Nikamwambia, "Hobart, wewe jeshi umelionea wapi? Kwenye kalenda?"

Mashine imenunuliwa.

Ni mimi mjomba wako mwenye fahari,
Arlis Slone


Kusini mwa Afghanistan
19 Januari 2011

Mjomba Arlis,

Shikamoo. Kaa chini kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Sheria haijafa. Rais ametia saini, ni kweli, lakini wakubwa wa jeshi wanatakiwa kwanza wathibitishe kwamba jeshi liko tayari, na baada ya hapo zipite siku sitini. Hakuna anayejua watathibitisha lini. Mpaka siku hiyo ile ya zamani ipo na meno yake yote. Mtu akijulikana, anaweza kufukuzwa.

Kuna kijana wa kwetu kwenye kikosi changu, Prater, wa kule juu ya kijito. Mama yake husikiliza Soko la Hewani. Alimwandikia mwanawe kila neno ulilosema, na Prater akaisoma barua ile kwa sauti wakati wa kula, akidhani ni kichekesho cha nyumbani. Watu walicheka. Sajini Kessler hakucheka. Kitanda chake kiko karibu na changu. Aliichukua barua akaipeleka kwa Kapteni Voorhees.

Kapteni aliniita. Hakuniuliza kama ni kweli, maana sheria inamkataza kuniuliza. Alisema, "Sajini, kaa kimya, usinisaidie." Kisha akaeleza: akipata habari kutoka kwa mtu anayeaminika, analazimika kufungua uchunguzi. Ukifunguliwa, mimi nimekwisha. Mkataba wangu unamalizika mwezi wa kumi, na nilitaka kula kiapo tena. Mjomba, mimi sijui kazi nyingine. Nakaa gari la mbele, naitazama ardhi, naona palipochimbwa. Wanaonifuata wanarudi na miguu yao. Wakinirudisha nyumbani, kiti changu kitakaliwa na mtoto aliyefika juzi.

Atakuandikia. Nakuomba ujibu mstari mmoja tu: "Nilikuwa natania, si kweli." Utie saini. Basi.

Na tafadhali, usiliandike tena jina la yule aliyekufunga mbavu.

Sina hasira nawe. Naogopa tu, na hofu ikipita kwenye kalamu inafanana na hasira.

Wako,
Lowell


Kusini mwa Afghanistan
2 Februari 2011

Kwa Bwana Arlis Slone,

Mimi ndiye kamanda wa kombania anayotumikia Sajini Lowell Tackett. Nimeletewa taarifa kwamba mwezi Desemba ulitoa matamshi redioni kuhusu maisha yake binafsi. Kwa mujibu wa kanuni, ni lazima nipime kama chanzo cha habari hiyo ni cha kuaminika kabla ya kuamua kufungua uchunguzi au kutofungua.

Naomba unijibu kwa maandishi: je, unasimama na matamshi yako, au unayafuta? Tafadhali ongeza maelezo yoyote yatakayonisaidia kupima uaminifu wako kama shahidi.

Wako katika utumishi,
Kapteni Judith Voorhees


Marrow Creek
13 Februari 2011

Lowell mwanangu,

Barua ya kapteni wako imefika. Ina mhuri, ina mistari iliyonyooka, mama yule ana mwandiko wa mtu asiyepoteza funguo.

Nimekosa. Nilikuwa na furaha kubwa kuliko akili yangu, jambo ambalo si gumu. Wiki mbili hizi chakula hakipiti kooni, na unajua mimi chakula huwa hakiulizi njia.

Nimekaa mezani kuuandika ule mstari ulioniomba. Niliuandika. Kalamu haikugoma. Lakini nilipousoma nikaona nimekuzika. "Si kweli." Nini si kweli? Wewe? Yeye aliyepiga magoti kwenye vumbi? Nikaichana karatasi nikaitia jikoni ikaungua.

Usitetemeke. Nimesema nimeichana karatasi, sijasema nakutosa. Nimeishia darasa la saba, lakini neno analolirudia mama yule nimeliona. Uaminifu. Anataka kujua kama Arlis Slone ni shahidi mwaminifu.

Nipe mpaka kesho. Nikikuharibia, nitakuja huko kwa miguu kukuomba radhi.

Mjomba wako,
Arlis


Marrow Creek
14 Februari 2011

Kwa Mama Kapteni Voorhees,

Heshima nyingi. Umeniuliza kama nasimama na maneno yangu. Mama, nasimama nayo kama nguzo. Katika maisha yangu sijasema jambo nikalifuta, na kaunti nzima ni shahidi. Umetaka maelezo ya kukusaidia kunipima. Haya, nipime.

Kwanza kabisa, mwaka wa mafuriko nilivua kambare kwenye bwawa letu. Kambare huyo alikuwa amemeza banda la mbwa la jirani, na mbwa akiwa ndani. Usiku ulikuwa unamsikia anabweka chini ya maji. Nilimvuta kwa winchi ya lori la makaa ya mawe, na alipotoka, bwawa lilishuka hata Wabaptisti wakasitisha ubatizo mpaka masika. Mbwa alitoka mzima, ila tangu siku hiyo hataki kuoga. Hiyo ni kweli tupu.

Jambo la pili, upepo wa mwaka juzi ulinyanyua banda langu la kuku ukalipeleka Virginia. Sikuwafuata. Kuku wangu wamelelewa vizuri. Walirudi wenyewe kwa miguu, wamepanga mstari pembeni ya barabara kuu, wameongezeka, na wakiwa na jogoo mgeni anayewika kwa lafudhi ya kule. Kweli tupu.

Kuna na dubu. Dubu alikuwa anaiba gongo kwenye mtambo wa mtu fulani ambaye si mimi. Mtu huyo akaona amwajiri kuwa mlinzi. Alilinda vizuri msimu mzima, mpaka alipodai Jumapili iwe siku ya mapumziko. Siwezi kukuonyesha mtambo, lakini dubu yupo, na mpaka leo akinikuta njiani anageuza uso. Kweli tupu.

Halafu, mimi mwenyewe nilitaka kuwa askari. Daktari wa jeshi alitazama nyayo zangu, bapa kama sahani, akaita madaktari wengine, wakaita jenerali. Jenerali alilia. Alisema, "Kijana huyu tukimchukua vita vitaisha mapema mno, na viwanda vitafungwa." Wakanirudisha nyumbani kwa ajili ya uchumi wa taifa. Kweli tupu.

Na la mwisho, mpwa wangu Lowell ana mwanamume anayempenda, na mwanamume huyo anampenda Lowell, na mimi nawapenda wote wawili. Na Lowell ndiye jicho bora la kutazama ardhi lililowahi kuzaliwa katika milima hii, na nchi iliyo naye inapaswa kushukuru asubuhi na jioni. Kweli tupu.

Mama Kapteni, haya yote yametoka kinywa kimoja. Sitakubali uyachambue, hili nalitaka, hili silitaki. Ukiamini moja, amini yote na uje umtazame kuku. Ukikataa moja, kataa yote. Naapa kwa mkono wangu wa kulia, ambao kambare aliuuma lakini umepona.

Ukiniona si mkweli, waulize vijana wa kwetu walioko hapo. Watakwambia mimi ni nani.

Nashukuru kwa kuniandikia. Hakuna kapteni aliyewahi kuniandikia, isipokuwa wawili wa manowari, nao walitaka ushauri.

Ni mimi,
Arlis Slone


Kusini mwa Afghanistan
7 Machi 2011

Kwa Bwana Slone,

Maelezo yako ya tarehe 14 Februari yamepokelewa na kusomwa yote. Nilifuata pendekezo lako nikamhoji Askari Prater, mwenyeji wa kaunti yenu, mbele ya sajini mkuu wangu. Alipoulizwa kuhusu uaminifu wako alijibu, nami nanukuu: "Mama, Arlis Slone akisema mvua inanyesha, sisi tunaanika nguo."

Kwa hiyo naona kwamba chanzo cha taarifa hii hakiaminiki, na hakuna msingi wa kufungua uchunguzi. Jalada limefungwa.

Naomba usiniletee habari nyingine yoyote kuhusu maisha binafsi ya Sajini Tackett mpaka sheria mpya itakapoanza kufanya kazi. Baada ya siku hiyo niandikie upendavyo.

Wako katika utumishi,
Kapteni Judith Voorhees

Nyongeza isiyo ya kikazi: jirani alirudishiwa na banda, au mbwa peke yake?


Kusini mwa Afghanistan
30 Aprili 2011

Mjomba,

Nilichelewa kuandika kwa sababu kila nikianza nacheka, na nikicheka naona macho yanalowa, na hema hili halina pa kujificha.

Kapteni alinisomea barua yako. Amesimama wima, uso mkavu kama ubao, sajini mkuu pembeni ameangalia ukutani. Kwenye kambare hakutingishika. Kwenye banda lililopaa hakutingishika. Alipofika kwa yule jogoo mwenye lafudhi, aliiweka karatasi chini, akaenda dirishani, akakaa huko muda. Akarudi akasoma mpaka mwisho. Ile sehemu ya mwisho aliisoma polepole kuliko nyingine zote. Halafu akasema, "Sajini, mjomba wako ni mwongo mkubwa sana."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akasema, "Una bahati ya kuwa naye. Toka."

Nilikuomba uandike kwamba si kweli, mstari mmoja. Hukuuandika. Nimelala na jambo hilo usiku mwingi, mjomba. Umeniokoa na hukunikana. Sikujua kwamba vyote viwili vinawezekana kwa pamoja. Umekubali kuitwa mwongo mbele ya jeshi la Marekani, wewe ambaye mpaka leo hujakubali hata mezani kwako kwamba kambare hakumeza banda. Sijui nikushukuru vipi. Naandika neno asante, naliona dogo.

Prater alikuja kuniomba msamaha. Amekonda. Nilimwambia nimemsamehe, maana alichokisema kwa kapteni kitamlipia dhambi zote mpaka uzeeni.

Na Kessler. Aliomba ahamishwe kutoka gari langu, akahamishwa, akaenda gari la tatu. Mwezi haukuisha akarudi na begi lake, akalitupa pale pale. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Dereva wao anasinzia."

Nikaendelea kufunga kamba za buti.

Akasema, "Tackett, mimi sikubaliani na watu wa namna hiyo jeshini. Nimelelewa hivyo, na sijabadilika."

Nikasema, "Sawa."

"Lakini wewe husinzii."

"Sisinzii."

"Basi sogeza mguu wako, hilo begi langu halina pa kukaa."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Tumeshatoka pamoja mara nyingi tangu siku hiyo, na tumerudi. Bado hanisemeshi wakati wa kula. Ila jana niliumwa tumbo, nikamkuta amenijazia chupa ya maji akaiweka kitandani kwangu, akaondoka bila kuniangalia.

Yule aliyekufunga mbavu anakusalimu. Anauliza kama bado zinauma.

Wako,
Lowell


Tennessee
21 Septemba 2011

Mjomba Arlis,

Shikamoo. Tumerudi salama wiki iliyopita, gari la mbele na magari yote ya nyuma yake.

Na jana sheria imekufa. Safari hii kweli, nimewauliza wanasheria.

Mateo. Mateo. Mateo Arriaga. Naandika kwa sababu naweza. Yuko jikoni hapa anaunguza vitunguu, na mimi naandika jina lake kwa wino kwenye karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Mwaka mzima nilikuwa nafuta barua pepe zake nikishazisoma. Nilikuwa nazihifadhi kichwani, mjomba, na kichwa changu unakijua.

Kwenye uwanja wa mapokezi wake za watu walikuwa wanakimbia, watoto wanalia. Yeye alisimama mbali kwenye maegesho, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Tulipeana mikono. Ilikuwa bado siku chache sheria kuondoka. Nilimpita Kessler amembeba binti yake, akatazama mikono yetu, akatazama pembeni. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeona jambo lisilo la haki na hakulipenda, na hakupenda kwamba hakulipenda.

Mwezi ujao nakula kiapo tena. Kapteni Voorhees ndiye atakayeniapisha. Nataka uje. Mateo atakuja kukuchukua. Vaa koti la maana, na nakuomba, mjomba, kwa roho ya mama yangu, usimsimulie kapteni kitu chochote.

Wako,
Lowell


Marrow Creek
24 Oktoba 2011

Kwa Lowell na Mateo, wote wawili, bahasha moja,

Wanangu, nimefika salama. Mateo, asante kwa kunirudisha mpaka mlangoni, na asante kwa kusimama kila nilipohitaji kusimama. Njia nzima hukulalamika. Mtu wa umri wangu anabebwa na mengi, lakini si mara nyingi anabebwa kwa heshima.

Lowell, koti nililovaa nililiazima. Nilikwambia ni zawadi ya gavana. Si ya gavana.

Nimekaa tangu jana natafuta namna ya kuandika niliyoyaona, na kwa mara ya kwanza sioni pa kuongeza. Nimejaribu. Nilitaka ndege zipite juu, nikaona zitakiziba kilichotokea. Basi nitayaandika kama yalivyokuwa, na ninyi mlikuwepo, mtanisahihisha.

Kulikuwa na ua la nyasi, bendera moja, upepo kidogo. Lowell uliinua mkono wa kulia, na mama yule akasoma maneno, nawe ukayarudia bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Nikadhani imekwisha. Nikaanza kutafuta palipo na keki.

Kumbe wana desturi. Askari akiapa tena, kapteni humwita mke wa askari huyo mbele, akampa maua, kumshukuru yeye aliyekaa nyumbani na simu mkononi. Mimi sikulijua hilo. Mateo nadhani hukulijua pia, maana ulikuwa umesimama nyuma kabisa na mimi, unanishikia kofia. Mama Kapteni akachukua maua mezani, maua ya njano, akatazama watu, akasema kwa sauti ile ile aliyosomea kiapo, "Bwana Mateo Arriaga."

Hukusogea. Nikakusukuma. Nasikitika nilikusukuma kwa nguvu, lakini ulihitaji.

Ulitembea kwenye nyasi zile na kofia yangu bado mkononi, watu wote wakikutazama. Wengine hawakupiga makofi, niliwaona, nimewahifadhi sura zao. Yule mrefu mwenye binti begani, niliuliza nikaambiwa ndiye Kessler. Alikuwa amekunja uso. Ulipompita, akamhamishia binti upande wa pili, akapiga makofi. Machache. Yalitosha.

Mama yule akakupa maua, akakushika mkono, akasema, "Jeshi linakushukuru." Akarudi hatua moja. Ukasimama hapo na maua mkono huu na kofia yangu mkono ule, hujui uweke nini wapi, na Lowell akacheka, akaichukua kofia akaivaa juu ya nywele zake za kijeshi. Hapo ndipo nilipoondoka nikaenda kutazama magari kwa muda.

Mama Kapteni alinikuta huko. "Wewe ndiye Bwana Slone?"

"Ndimi, Mama. Na kila neno nililo—"

"Sijauliza," akasema. Akanipa mkono. Tukasimama tunatazama magari. Baadaye akasema, "Nilikuwa na rafiki, tulianza jeshi pamoja. Walimfukuza. Alikuwa bora kuliko mimi." Kisha akarudi kwa watu. Sikumsimulia kitu, Lowell. Niliahidi, nikatimiza, ingawa nusura nipasuke.

Sasa nisikilizeni, hapa kuna tatizo.

Leo asubuhi nimekwenda dukani kwa Hobart. Wamo wote, wamekaa juu ya magunia kama kawaida. Nikawasimulia. Pole pole, bila ndege, bila jenerali. Nikasema kapteni wa jeshi la Marekani alimwita mwenzi wa mpwa wangu mbele ya bendera, mwanamume, akampa maua, akamshukuru.

Hobart akasema, "Maua."

"Maua."

"Rangi gani?"

"Njano."

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye gunia. Hobart akajifuta macho. "Arlis, hili ni kubwa kuliko yote. Ongeza na farasi mweupe basi."

Nikaapa. Wakazidi kucheka. Nikasema muulizeni Lowell, wakasema Lowell ni mpwa wangu, damu moja. Nikataka kumpiga Hobart na ndoo. Maisha yangu yote nimesimulia mambo na watu hawa wamekaa hapo hapo wanatafuna tumbaku wanatingisha kichwa, na leo, nimewaletea kitu kilichotokea, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubuni, hakuna hata mmoja anayenitazama machoni.

Na Hobart si mtu mbaya. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini kijana mwenyewe, karudi mzima?" Nikamwambia karudi mzima. Akasema, "Basi namshukuru Mungu," na alikuwa anamaanisha.

Kwa hiyo njooni. Sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao, nitamchinja bata mzinga, nitaweka viti mpaka barazani, nimemwalika Hobart na wale wa magunia wote. Lowell uje na sare yako. Mateo uje na lile shati jeupe, nimeambiwa madoa ya tumbaku yametoka. Msiingie kwa mlango wa jikoni. Egesheni mbele, mshuke wote wawili mchana kweupe, mpande ngazi pamoja.

Mimi sitasema neno. Nitafungua mlango tu.

Mjomba wenu,
Arlis Slone